Nta ya Nyuki Juu ya Boneti

Boneti ya Corolla yangu ya bluu niliigawa vipande vitatu kwa utepe wa karatasi, ule mafundi wanaoziba nao vioo kabla ya kupuliza rangi. Kipande cha kushoto nilikipaka nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya nazi. Cha katikati, nta ileile na mafuta ya taa. Cha kulia, nta ileile na tapentaini. Nta yote ilitoka bonge moja, kwa mzee mmoja anayefuga nyuki upande wa Natta, wilayani Serengeti, na kila kipande kilipakwa kwa kitambaa chake.

Jioni ile, mtu yeyote angechagua kipande cha kushoto. Kilikuwa kimekolea, bluu ya kina, unaona mawingu ndani yake. Asubuhi nikaondoka Mugumu kwenda Tarime kupitia Nyamongo, safari ya takriban kilometa 87 inayovuka Mto Mara, na kesho yake nikarudi. Nilipoegesha nyumbani, kipande cha kushoto kilikuwa chekundu. Vumbi lilikuwa limekilalia kama unga kwenye ubao wa chapati, na kidole kilipopita kiliacha mfereji wa tope. Cha katikati kilikuwa na vumbi la wastani lenye mabaka. Cha kulia nilikimwagia kikombe kimoja cha maji, vumbi likaondoka nayo.

Nimekuwa nikitengeneza nta ya gari nyumbani kwa kupenda tu, na kila ninayekutana naye mwenye hobi hii huanza na kosa lilelile nililoanza nalo mimi: anatengeneza mafuta ya kupaka, akidhani ametengeneza nta. Kosa hilo lina sababu yake. Rangi iliyochakaa imejaa mikwaruzo midogo isiyohesabika, na mwanga ukiipiga hutawanyika huku na huko, ndiyo maana rangi huonekana imefifia. Kimiminika chochote kikijaza mikwaruzo hiyo, uso unakuwa laini na mwanga unarudi kwa pamoja. Hata maji hufanya hivyo. Gari kuukuu likiloa mvua huonekana limetoka kupakwa rangi. Mafuta ya nazi yanafanya kazi ileile ya maji, ila hayakauki. Yanabaki pale yakisubiri vumbi. Tena mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi za Tarime, kule juu kwenye vilima, joto hushuka zaidi ya hapo. Basi asubuhi una ukungu mweupe juu ya boneti, mchana una mafuta, na jioni una tope.

Mabaharia wa pwani wana elimu ya siku nyingi kuhusu jambo hili. Mbao za jahazi zilizo juu ya maji hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, ili ziyanywe. Sehemu inayozama hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, ambao haunywewi bali hukaa juu kama ngozi. Ni kazi mbili tofauti, na kila moja ina dawa yake. Rangi ya gari la siku hizi haina pa kunywea: tabaka la juu kabisa, lile mafundi wanaloliita klia, ni gumu, halina vinyweleo vya kuingiza kitu, na ni jembamba kuliko unywele. Linachohitaji ni ngozi, tena ngozi kavu.

Kwa hiyo kinachochanganywa na nta lazima kiwe kitu kitakachoondoka. Kazi yake ni kuilainisha nta ili ienee, kisha kiruke hewani na kuiacha peke yake juu ya rangi. Tapentaini hufanya hivyo kwa dakika chache. Mafuta ya taa hujaribu, lakini ndani yake mna sehemu nzito zinazochelewa mno. Kipande changu cha katikati, siku mbili baadaye, bado kilikuwa kinachukua alama ya kidole gumba.

Hapa kuna jambo la kuangalia dukani. Tapentaini halisi hutokana na utomvu wa misonobari, miti ambayo hapa nchini imejaa Sao Hill, Mufindi. Chupa nyingi zenye jina hilo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi hazina uhusiano wowote na msonobari. Ni zao la mafuta ghafi. Si lazima iwe mbaya, mradi iwe safi. Mimi hudondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe ya daftari na kuiacha kivulini. Baada ya nusu saa naiinua kwenye mwanga. Karatasi ikirudi ilivyokuwa, nanunua. Ikibaki na duara linalong'aa kama karatasi iliyofungiwa maandazi, mwenye duka namrudishia chupa yake kwa shukrani.

Nta yenyewe ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Nyuki kibarua hutoa nta kwenye tezi zilizo chini ya tumbo lake, vigamba vyembamba anavyovitafuna na kujengea masega. Kwa mizinga ya magogo, ambako sega zima hukatwa na kukamuliwa, kilo 100 za asali huweza kuacha kilo 8 hadi 10 za nta. Hiyo si mali ndogo, na Tanzania imekuwa ikiuza nta ya nyuki nje tangu enzi za Wajerumani. Tabora imejijengea jina kwa biashara hiyo. Lakini kwa wavunaji wengi wadogo wa huku kwetu, makapi ya sega bado hutupwa. Mzee wa Natta alinionyesha rundo lake nyuma ya nyumba, likiwa limeshaingiwa na nondo.

Tulisafisha sehemu iliyokuwa bado nzima. Masega yalifungwa kwenye gunia, gunia likazamishwa kwenye sufuria ya maji ya mvua, moto mdogo, na mti wa kulikandamizia. Maji ya mvua ni muhimu kwa sababu maji ya visima vingine yana chumvichumvi inayoifanya nta igeuke uji. Sufuria iwe ya alumini. Chuma chenye kutu huigeuza nta kuwa ya kahawia, na shaba huipa ukijani. Nta nyepesi ilipanda juu kidogo kidogo, ya manjano kama kiini cha yai la kienyeji, na tulipoacha sufuria ipoe usiku kucha, asubuhi tulikuta sahani nzima imeganda juu ya maji. Uchafu ulikuwa umejishika chini yake. Tukaukwangua kwa kisu. Tukarudia mara ya pili kwa kitambaa cha pamba badala ya gunia. Masega meusi ya zamani niliyaweka kando, kwa sababu yana gundi ya nyuki nyingi, na gundi hiyo hunata kwenye rangi.

Ukinunua nta sokoni, ivunje. Nta safi huvunjika kwa chembechembe na haipasuki kwa kung'aa kama mshumaa. Tafuna kipande: nta safi humung'unyika mdomoni bila kushika meno. Ukungu mweupe juu ya bonge la siku nyingi usikutishe, ni wa asili na hufutika kwa kitambaa.

Kipimo changu ni gramu 100 za nta kwa mililita 300 za tapentaini. Napima kwa mizani ndogo ya betri, ya aina ileile wanayotumia wanunuzi wa dhahabu Nyamongo. Nta naiweka kwenye kopo la bati, kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, nayo huyeyuka ikifika nyuzi 62 hadi 65. Kisha, na hapa naomba msomaji asinipite, kopo linatoka nje, mbali na jiko, hewani. Tapentaini hutoa mvuke unaoweza kushika moto kwenye joto la nyuzi 35 tu, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini sakafuni hadi ulipo mkaa. Kamwe usiimimine karibu na moto, wala usijaribu petroli hata kama rafiki anasema yake ilikubali. Vitambaa ulivyofutia vitandaze vikauke nje, usivikunje ukavisokomeza pembeni ya stoo.

Mara ya kwanza nilimimina tapentaini baridi kwenye nta ya moto. Ikaganda papo hapo, chembe chembe, kama uji ulioingia madonge. Dawa yake ni rahisi: chupa ya tapentaini ikae kwanza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, huko huko nje, ndipo imiminwe polepole huku ukikoroga. Endelea kukoroga hadi mchanganyiko uache kuwa angavu na uanze kufanana na samli inayoganda. Kopo liwe la bati lenye kifuniko cha kubana. Niliwahi kuweka kwenye kopo la plastiki, likalegea na kukunjamana kabla wiki haijaisha.

Kupaka ndiko kunakoharibiwa zaidi. Vumbi la barabara zetu lina chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko kioo. Ukilifuta kikavu kwa tambara, umepiga msasa. Maji mengi kwanza, yapite yenyewe, ndipo sponji. Gari likauke kivulini, boneti iwe baridi ukiigusa. Kisha chukua nta kiasi cha punje moja ya harage kwa sehemu yenye ukubwa wa gazeti lililofunuliwa. Ukiiona nta kwa macho baada ya kuieneza, umezidisha. Subiri dakika 15 hadi 20, na zaidi kukiwa na baridi, mpaka kidole kikipita kiache njia safi isiyo na utelezi. Ndipo ufute kwa flana kavu, ukiigeuza kila mara, kwa nguvu. Unaondoa karibu yote uliyoweka, na kinachobaki, utando usioonekana kabisa, ndicho kinachofanya kazi.

Wembamba huo una faida nyingine kwa jua letu. Boneti ya rangi nzito ikiachwa juani mchana huweza kupita nyuzi 60, na nta ya nyuki hulegea muda mrefu kabla ya kuyeyuka. Tabaka nene litakuwa gundi saa saba mchana. Tabaka jembamba halina cha kushikia vumbi. Viwanda hutatua tatizo hili kwa kanauba, nta ya majani ya mti fulani wa jamii ya mnazi wa kaskazini-mashariki mwa Brazili, inayohimili hadi nyuzi 82 na zaidi. Sehemu moja ya kanauba kwa nne za nta ya nyuki hugeuza ugumu wa kopo zima. Sijaikuta kwenye duka lolote Mugumu, na kwa kweli sijaitafuta sana. Narudia kupaka kila wiki tatu, na nimewaomba vijana wanaoniosha gari waache sabuni ya unga, kwa sababu huo ukali wake unaing'oa nta kwa siku moja.

Kopo la kwanza lililotoka vizuri nilimpelekea mzee wa Natta, pamoja na kipande cha nta safi kilichobaki, kama gramu 200. Alifungua kopo, akalinusa, akalifunga haraka.

"Mura, hii nyuki hawataisogelea."

"Ni ya pikipiki ya kijana wako, mzee. Pale kwenye tangi."

Akaliweka dirishani kwa ajili ya kijana wake. Kile kipande kingine alikishika muda mrefu, akakikwangua kwa ukucha, akakinusa tena. Kisha akaingia kivulini palipokuwa na mzinga mpya ambao haujapandishwa mtini, akaanza kuusugua kwa ndani, ubavu hadi ubavu, ili kundi linalopita lisikie harufu ya nyumba.