Gari la Kihistoria au Gari Kuukuu? Uhakiki wa Istilahi za Usajili wa Magari

Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi, wafasiri wetu wamekabiliwa na nyaraka za kila namna, pamoja na zile ambazo mambo yake hayajazoeleka kwetu. Katika makala haya tunahakiki istilahi za eneo moja dogo lenye hila nyingi, nalo ni kanuni za kusajili magari ya kihistoria kwa matumizi yenye mipaka. Kanuni za namna hii zimekomaa zaidi ng'ambo, na mfasiri hana budi kuanzia huko. Tumeisoma rasimu moja ya tafsiri iliyozikusanya kwa ajili ya wasomaji wa hapa nchini. Mfasiri wake hatumtaji, wala ofisi yake, maana makosa yaliyomo ni ya wengi wetu.

1. Dhana yenyewe

Kabla ya kutafuta neno yafaa kuijua dhana. Shirikisho la kimataifa la wenye magari haya, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, linataka gari liwe na umri usiopungua miaka 30, litunzwe katika hali iliyo sahihi kihistoria, na lisiwe chombo cha usafiri wa kila siku. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2014 kuhusu ukaguzi wa magari nalo linataja miaka 30, likaongeza kwamba aina ya gari hilo iwe haiundwi tena, na kwamba sehemu zake kuu ziwe hazikubadilishwa sana.

Msomaji ataona kwamba umri ni sharti moja tu miongoni mwa masharti kadhaa. Istilahi itakayotaja umri peke yake itakuwa imeibeba robo ya dhana na kuacha robo tatu njiani.

2. "Zamani", "kuukuu" na "kale"

Rasimu inayatumia maneno haya matatu kana kwamba ni mamoja. Katika ukurasa mmoja gari lile lile ni "la zamani", kisha ni "kuukuu", kisha ni "la kale". Katika hadithi mabadiliko hayo yangeweza kuwa pambo, lakini katika kanuni ni hatari, kwa sababu msomaji wa sheria hudhani kwamba neno jipya limeleta jambo jipya.

"Kuukuu" ni kitu kilichochakaa. Nguo kuukuu haiwekwi sandukuni kwa heshima, na gari kuukuu ndilo watu wa mitaani waliloliita mkweche. Kuliita hivyo gari lililotunzwa kwa gharama kubwa ni kuigeuza dhana juu chini.

"Kale" lina shida ya namna nyingine, kwani tayari lina makao katika sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inapoeleza masalio ya kale yanayohamishika, inataja vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Karl Benz alipata hataza ya gari lake la petroli mwaka 1886. Kwa ukomo huo wa mwaka, basi, hakuna gari la petroli duniani linaloweza kuingia. Forodha nayo ina hesabu yake. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, ambao nchi za Afrika Mashariki zinaufuata, kifungu cha 9706 ni cha vitu vya kale vyenye umri unaozidi miaka 100, na kifungu cha 9705 ni cha vitu vya wakusanyaji vyenye thamani ya kihistoria na mfano wake. Mfasiri akiandika "gari la kale" katika hati ya forodha, anamwelekeza karani kwenye kifungu kisichohusika.

Limebaki "zamani", na hapa ndipo penye madhara makubwa zaidi. Tuchukue wilaya ya Chemba, mkoani Dodoma, iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012. Barabara kuu ya Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilomita 251, inapita wilayani humo, na tangu ilipozinduliwa kwa lami mwaka 2018 magari mapya hupita kwa wepesi. Lakini ukiiacha barabara hiyo ukaelekea Farkwa au Kwa Mtoro, njia nyingi ni za vumbi na makorongo. Huko Land Rover yenye miaka 40 ingali chombo cha kazi. Hubeba magunia ya ufuta na alizeti, hupeleka watu mnadani, na masika humfikisha mgonjwa hospitali pale gari jingine linapokwama.

Gari hilo ni la zamani bila shaka, na pengine ni kuukuu. La kihistoria silo, kwa maana ya kanuni, kwa sababu linafanya kazi kila siku. Rasimu inasema: "Magari ya zamani yatasajiliwa kwa matumizi madogo, na hayatabeba mizigo wala abiria wa kulipa." Ofisa wa wilaya akiisoma sentensi hiyo kama ilivyoandikwa, atalisimamisha gari la Kwa Mtoro pamoja na magunia yake. Mwenye gari atanyimwa riziki, na kijiji kitanyimwa usafiri, kwa sababu ya kivumishi kimoja. Wala wenye magari ya aina hii si wachache. Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha mwezi Oktoba 2024 liliyakusanya kwa mamia.

3. "Matumizi madogo"

Udogo ni kipimo cha wingi. Mtu aliyeambiwa atumie gari lake kwa matumizi madogo ataelewa kwamba apunguze safari au mafuta. Kanuni inakusudia jambo jingine, yaani aina ya safari. Katika majimbo mengi ya Marekani gari lenye namba za kihistoria huruhusiwa kwenda kwenye maonyesho, gwaride na shughuli za vyama, na si kazini wala sokoni. Mpaka umewekwa kwenye kusudi la safari. Kwa hiyo tunasema "matumizi yenye mipaka".

Mahali pengine rasimu inaandika "usajili wenye mipaka". Hapo kivumishi kimehamia nomino isiyo yake. Usajili ni kamili, na kinachowekewa mipaka ni matumizi. Tena "usajili wa muda", unaotokea mara mbili, ni kosa la wazi, kwa kuwa muda haukutajwa kabisa katika kanuni inayofasiriwa.

Mfasiri aangalie pia kwamba jina moja laweza kuficha kanuni mbili. Nchini Uingereza daraja la magari ya kihistoria ni la kodi kwanza. Gari likitimiza miaka 40 husamehewa, na tangu mwaka 2018 mengi ya umri huo hayalazimiki kukaguliwa kila mwaka. Ujerumani, tangu mwaka 1997, humpa mwenye gari la miaka 30 kibao chenye herufi H mwishoni. Rasimu imeyachanganya haya yote, ikaahidi "msamaha wa ada ya leseni ya gari" kana kwamba ada hiyo ipo kwetu. Ada ya mwaka ilifutwa nchini mwaka 2017 na kuhamishiwa katika ushuru wa mafuta. Palipo na kanuni ya kigeni, tafsiri iseme kuwa ni ya kigeni.

4. "Ukarabati"

Neno hili ni zuri, ila ni pana mno. Fundi anayetia injini ya gari jingine katika Land Rover amelikarabati, na amefanya kazi ya maana. Lakini kwa kanuni hizi huenda ameliondolea sifa ya kusajiliwa. Kinachodaiwa ni kulirudisha gari kama lilivyotoka kiwandani, na jambo hilo tunaliita "urejeshaji".

5. Mapendekezo

(a) Gari la kihistoria: gari lililotimiza masharti yote ya umri, uasilia, utunzaji na matumizi.
(b) Gari la tunu: gari ambalo wengine huliita la klasiki, linalothaminiwa kwa uzuri au uhaba wake, liwe limetimiza masharti ya usajili au halikutimiza.
(c) Gari la zamani: gari lolote lenye umri mkubwa, pasipo hukumu ya kisheria.
(d) Gari kuukuu: gari lililochakaa.
(e) Usajili wa matumizi yenye mipaka.
(f) Urejeshaji: kulirudisha gari katika hali yake ya asili.

Wapo waliopendekeza "gari la hifadhi". Hatukulikubali, maana Mtanzania akisikia hivyo atatazamia kumwona askari wa wanyamapori ndani yake. "Gari la makumbusho" nalo humpa makumbusho mali isiyo yake.

Hatudai kwamba orodha hii imekamilika, na "gari la tunu" hasa linahitaji kupimwa na watumiaji. Tunachosisitiza ni kwamba mfasiri ajiulize, kabla ya kutia kalamu, ni nani atakayezuiwa na neno lake na ni nani atakayeruhusiwa. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Nasi tusiwe wepesi wa kukitungia sheria kikongwe ambacho bado kinabeba magunia. Walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wenye maoni juu ya istilahi hizi wanaombwa watuletee.