Mtoto Calvin na Chui Wake: Kwa Nini Picha Zile Hazichakai

Wako watu wengi wadhanio kwamba picha za kuchekesha za magazetini, zile ziitwazo katuni, ni kitu cha kutazamwa mara moja na kutupwa. Na kwa kweli nyingi ndivyo zilivyo: gazeti la leo, kesho ni la kufungia samaki. Lakini zipo chache zisizochakaa, na yafaa waalimu na wazazi tuulize sababu yake. Kati ya hizo chache twapenda kuzieleza hapa picha za Calvin na Hobbes, kazi ya Bwana Bill Watterson wa Marekani. Zilianza kutoka tarehe 18 Novemba 1985, zikakoma tarehe 31 Desemba 1995. Zilipoanza zilichapwa na magazeti 35 hivi. Zilipokoma magazeti yalikuwa yamepita 2,400. Tangu siku ile mfululizo haukuendelezwa. Hata hivyo vitabu vyake vyanunuliwa na kusomwa na watoto ambao wakati ule wazazi wao wenyewe walikuwa watoto.

Habari yenyewe ni nyepesi. Calvin ni mtoto wa kiume wa miaka 6, hana ndugu. Hobbes ni chui milia. Majina hayo yametwaliwa kwa watu wawili wa kale: John Calvin, mwalimu wa dini wa karne ya 16, na Thomas Hobbes, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17. Mbele ya watu wengine Hobbes ni mwanasesere wa kitambaa, hasemi wala hajongei. Akiwa peke yake na Calvin, ni chui mzima, mrefu kumpita mtoto, mwenye kubishana, kucheka, na kumrukia rafiki yake mlangoni kila atokapo shule.

Sababu ya kwanza ya picha hizi kudumu ni kwamba fumbo hilo halikufumbuliwa. Msomaji aweza kusema, "Ni mawazo ya mtoto tu." Lakini siku moja baba amkuta mwanawe amefungwa kamba juu ya kiti, asiweze kujifungua. Calvin asema kwamba aliyemfunga ni Hobbes. Baba astaajabu, maana haelewi mtoto alijifungaje mwenyewe. Bwana Watterson alikataa kutoa jibu. Alieleza kwamba Calvin huona hivi na wakubwa huona vile, na yeye mchoraji huonyesha yote mawili. Sisi tuliokulia hadithi za usiku hatupati shida hapo. Anayemsikiliza bibi yake akisimulia habari za Sungura na Fisi hamkatizi kwa kumwuliza, "Je, bibi, sungura husema?" Aulizaye hivyo amejitoa mwenyewe katika hadithi, na hasara ni yake.

Sababu ya pili ni ukweli wa mambo ya watoto. Calvin hana vitu vingi vya kuchezea vinavyotajwa. Chombo chake kikubwa ni boksi tupu. Boksi lile likifudikizwa ni mashine ya kumgeuza mtu awe mnyama. Likilazwa ubavu, latoa nakala za Calvin, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja mvivu kama mwenyewe. Likisimamishwa, kinywa juu, ni chombo cha kusafiria nyakati zilizopita na zijazo. Boksi ni moja. Kilichogeuka ni fikira. Msomaji wa Kunduchi haitaji kufasiriwa jambo hili. Na ashuke pwani maji yakitoka, atazame watoto wakiwa na ndara iliyokatika, kijiti na kipande cha nailoni. Mgeni ataona takataka. Mtoto ameona ngalawa yenye mlingoti na tanga, nayo yaenda Mbudya, au yavuka mpaka Unguja. Na wale wachezao karibu na magofu, penye makaburi ya kale yenye nguzo, huweza kuujaza mji mzima watu katika saa moja. Picha za Calvin zimechorwa mbali, katika nchi ya theluji; lakini ndara na boksi ni ndugu.

Sababu ya tatu ni kwamba mchoraji hakuwadanganya watoto kuwa maisha ni kicheko tu. Katika mfululizo mmoja wa mwaka 1987, Calvin aona kitoto cha mnyama wa porini kilichoumia, amwita mama yake, nao hujitahidi kukiponya. Chafa. Hakuna mzaha unaoletwa kufuta huzuni hiyo. Mtoto ataka kujua kwa nini, na wazazi wake hawana jibu la kutosha. Huweza tu kumkumbatia. Siku nyingine wezi huvunja nyumba yao wakiwa safarini, na hapo twawaona baba na mama wakitambua kwamba wao nao, wakubwa wenye kuonekana kujua yote, hawana tena mtu wa kumkimbilia. Ndiyo maana mtoto akisoma kitabu hiki hucheka, na akirudi kukisoma amekuwa baba, hunyamaza kidogo katika kurasa zilezile.

Tena liko jambo la nne, nalo si la ndani ya picha bali la mchoraji mwenyewe. Kampuni iliyosambaza kazi yake ilitaka kuuza sanamu za Hobbes, fulana, vikombe na sinema, kama ilivyo desturi. Faida ingalikuwa kubwa mno. Bwana Watterson alibishana nayo kwa miaka, akakataa, akashinda. Wengine huona ulikuwa ukaidi. Sisi twaona kwamba alilinda fumbo lake. Kwa maana siku Hobbes atakapouzwa dukani, amejazwa pamba na kubandikwa bei, swali limekwisha jibiwa: yeye ni mwanasesere, basi. Kila mtoto angenunua chui yuleyule mmoja, badala ya kumwona wake. Ni kweli kwamba huko Marekani picha za Calvin zilizoibwa hubandikwa nyuma ya magari, zikimwonyesha akifanya mambo ya aibu. Lakini hizo hazikutoka mkononi mwa mchoraji.

Huenda msomaji mmoja akasema, "Kitabu hiki chafundisha utundu. Calvin hawatii wazazi wake, huchukia shule, na huchora mwalimu wake kuwa dubwana." Neno hilo si la kupuuzwa. Lakini na tumtazame vema. Calvin mara nyingi hushindwa. Akiruka angani kama shujaa wa nyota, picha ya mwisho humrudisha kwenye dawati, swali la hesabu halijajibiwa, na darasa zima lamtazama. Kitabu hakimsifu kwa kutojua hesabu. Chatuonyesha tu alikokuwa. Hata sisi tunaye mtoto wa namna hiyo: Madenge, wa jarida la Sani lililoanza Dar es Salaam katika miaka ya 1970. Madenge naye ni mtundu asiyesikia. Lakini utundu wa Madenge huonekana nje, kwa wakubwa anaowachokoza; utundu wa Calvin u ndani ya kichwa. Wa kwanza jirani humwona na kumshitaki. Wa pili haonwi na mtu, na kwa hiyo ni rahisi zaidi kumwadhibu bila kumjua.

Kasoro zipo, wala haifai kuzificha. Mara kwa mara, hasa katika miaka ya mwisho, Calvin husema kama mzee aliyechoshwa na dunia, akilaumu televisheni, biashara na sanaa za siku hizi. Hapo twamsikia Bwana Watterson, si mtoto wa miaka 6. Tena Calvin ni mpweke kupita kiasi. Yupo Susie, msichana jirani, lakini mara nyingi hukutana naye kwa ugomvi. Watoto wa kwetu husafiri na ngalawa zao wakiwa watano au sita: mmoja nahodha, mmoja baharia, mmoja amekatazwa kupanda naye alia. Fikira zao hujifunza kupatana. Calvin hana wa kupatana naye ila chui. Lakini labda kasoro hiyo ndiyo chanzo cha uzuri wote. Mtoto mwenye ndugu sita asingalimhitaji Hobbes hivyo.

Wazee husema, samaki mkunje angali mbichi, nasi waalimu twaipenda sana methali hiyo. Wavuvi wa Kunduchi waweza kutuongezea neno: samaki mbichi akikunjwa kwa nguvu hupasuka, na aliyepasuka hafai kwa mkunjo wala kwa mchuzi. Darasa la watoto wengi halifundishiki pasipo utaratibu, na hesabu ni lazima zijulikane. Lakini mtoto atazamaye dirishani si mtupu. Huenda yuko baharini, na huenda ngalawa yake ndiyo itakayomfanya baadaye awe mjenzi, au mtunzi, au mtu avumiliaye shida kwa kuwa amejua kuona lisilokuwapo bado. Kabla ya kuinua fimbo, yafaa mwalimu amwulize kwa upole alikokuwa, amsikilize jibu lake, kisha amrudishe kwenye hesabu.

Basi twawasihi wasomaji wenye watoto: vitabu hivi vikiwafikia, msivifungie kabatini kwa kuogopa utundu. Visomeni pamoja na watoto, mkiwafasiria palipo pagumu. Na mtoto akikuuliza kama Hobbes ni mzima au ni pamba, usifanye haraka kumjibu. Mwulize yeye aonaje.