Wanaotoka Kilomita ya 25

Asubuhi ya tarehe 16 Septemba 2018, mjini Berlin, Wakenya watatu walikuwa na kazi moja: kumwongoza Eliud Kipchoge katika marathoni. Sammy Kitwara na Bernard Kimani walitoka barabarani baada ya kilomita 15. Josphat Boit akabaki peke yake, akaishika kasi mpaka kilomita ya 25, kisha naye akapisha. Kipchoge akazimaliza zile 17 zilizobaki bila mtu mbele yake, akakata utepe kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 39. Rekodi hiyo ya dunia ilisomwa kila mahali. Waliomfungulia njia hawakusomwa, kwa kuwa mtu wa kazi yao huingia kwenye matokeo kama mkimbiaji ambaye hakumaliza.

Mdhibiti kasi hulipwa ili akimbie kwa mwendo uliokubaliwa kabla ya mbio, halafu aondoke. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Anayetaka kumaliza marathoni kwa saa 2 na dakika 3 anahitaji kila kilomita impite kwa takriban dakika 2 na sekunde 55. Kiongozi akichangamka, akaanza kwa dakika 2 na sekunde 50, watazamaji watashangilia, lakini misuli ya wanaomfuata itakuwa imekula akiba yake ya sukari mapema, na deni hilo hudaiwa baada ya kilomita ya 30. Akizembea sekunde tano upande wa pili, rekodi imekwenda. Katikati ya hayo mawili ndipo anapotakiwa kukaa, huku akiukinga upepo kwa kifua chake ili wa nyuma wasiumie nao.

Jiji lenyewe nalo humjaribu. Katikati ya Chicago, majengo marefu huzivuruga saa zinazotegemea satelaiti, zikaonyesha kasi ambayo hakuna binadamu anayeikimbia. Mdhibiti hodari haziamini. Anatazama vibao vya kilomita na kuusikiliza mguu wake. Tena njia ya marathoni hupimwa kwa baiskeli kufuata mstari mfupi kabisa, na kila kilomita huongezewa mita moja ili umbali usije ukapungua. Kwa hiyo anayepinda kona kwa upana anajiongezea mita juu ya zile zilizokwisha kuongezwa. Kuchagua mstari wa kona kwa niaba ya kundi zima ni sehemu ya ufundi huu, na ni sehemu ambayo mtazamaji wa televisheni haioni kabisa.

Ufundi huu una historia yenye heshima. Tarehe 6 Mei 1954, Roger Bannister alipokuwa mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika nne, pale Oxford, aliyetangulia mwanzoni alikuwa Chris Brasher, na baadaye Chris Chataway. Brasher huyo huyo, pamoja na John Disley, ndiye aliyeanzisha London Marathon mwaka 1981.

Wengine hawakutoka. Paul Pilkington aliajiriwa kuongoza Los Angeles mwaka 1994, akaona nyuma hakuna anayemfikia, akaendelea mpaka akashinda. Simon Biwott akafanya hivyo Berlin mwaka 2000. Lakini kisa kitamu zaidi ni cha mji huo huo, Septemba 2003. Sammy Korir alikuja kumsaidia Paul Tergat, na baada ya kazi yake kwisha miguu bado ilikuwa na nguvu. Wakaingia mita za mwisho wakikabana. Tergat akawa wa kwanza duniani kushuka chini ya saa 2 na dakika 5, kwa sekunde tano. Korir alikuwa sekunde moja tu nyuma yake. Hakuvunja ahadi yoyote: aliongoza alipotakiwa kuongoza, kisha akashindana kama mwanariadha yeyote.

Wapo wasiowataka wadhibiti. Boston haiwatumii, na New York iliwaondoa kwa mabingwa mwaka 2007. Mashindano ya dunia hayana pia, na ndiyo maana Tokyo, Septemba 2025, Alphonce Simbu wa Tanzania alilazimika kupigana mwenyewe hadi hatua ya mwisho, akamshinda Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Mbio za namna hiyo zina raha yake, na raha hiyo haimpunguzii hadhi mdhibiti. Ni mchezo mwingine.

Hata New York imewabakisha kwa watu wa kawaida. Nyuma ya mabingwa, kati ya zaidi ya watu 50,000, kuna mkimbiaji aliyebeba kibao chenye muda, tuseme saa nne. Kilomita yake ni dakika 5 na sekunde 41, taratibu mno kuliko uwezo wake, na kuutuliza mwendo wako kwa muda wote huo kunachosha kwa namna yake. Anawazuia wenye pupa darajani, anawakumbusha maji, anaongea pale wengine wanapokosa pumzi ya kuongea. Mwalimu, muuguzi au dereva anayemfuata anamwamini kwa miguu yake yote.

Vienna, Oktoba 2019, Kipchoge alipokimbia umbali wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, wadhibiti 41 walipokezana, wakiwemo mabingwa kama Bernard Lagat na Matthew Centrowitz. Kupokezana huko ni mojawapo ya sababu zilizofanya muda huo usihesabiwe rekodi, lakini majina yao yote yalitangazwa. Mbio kubwa za jiji zingeweza kuiga hilo kwa kuongeza safu moja katika matokeo: mdhibiti aliongoza mpaka kilomita ya ngapi, na kwa muda gani.