Nguo za Jukwaani Nazo Hushuhudia

Mchezo juu ya watakatifu ni mafundisho kama mafundisho mengine, tena una nguvu kuliko mengi. Mkatekista aweza kusema saa nzima juu ya mashahidi wa dini, na watoto wakasahau kabla hawajafika kwao. Lakini wakiwaona mashahidi wamesimama mbele yao, hawasahau. Na kitu cha kwanza wanachopokea si neno, ni nguo. Mchezaji hajafumbua kinywa, nguo yake imekwisha kusema: huyu ni padri, huyu ni mwami, hawa ni watu wa kale, yule ni mwuaji. Basi yafaa tuulize: nguo hiyo yasema kweli, au yasema uongo?

Swali hili latuhusu sana sisi wa pwani ya kaskazini ya Tanganyika. Tarehe 18 Agosti 2024, hapa hapa Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza kuwa Wenyeheri mashahidi wanne wa Baraka na Fizi: Padri Luigi Carrara, Padri Giovanni Didonè na Bruda Vittorio Faccin, wote watatu wa shirika la Waksaveri, pamoja na Abbé Albert Joubert, padri wa jimbo. Waliuawa siku moja, tarehe 28 Novemba 1964. Ni haki vijana wetu wapende kuigiza habari zao. Nimeutazama mchezo mmoja wa namna hiyo, katika parokia ambayo sitaitaja jina, maana makosa yake si yake peke yake. Ulikuwa na sehemu tatu: kufika kwa wamisionari wa kwanza ziwani, nyumba ya Kapteni Joubert, na siku ya mauaji. Maneno yalitungwa vizuri, nyimbo zilishikwa vizuri. Nataka kusema juu ya nguo tu.

Katika sehemu ya kwanza wazee wetu walitokea wamevaa kitambaa cha dukani chenye madoa ya chui, na manyasi kiunoni. Watu wakacheka. Ndiyo hukumu yenyewe: tuliwacheka babu zetu. Lakini ngozi ya chui katika nchi nyingi za Maziwa Makuu haikuwa nguo ya kila mtu. Ilikuwa alama ya mwami. Kumvika kila mwanakijiji ngozi ya chui ni kama kumvika kila mwimbaji wa kwaya kofia ya askofu. Tena watu wa ziwa walizijua nguo. Kulikuwa na ngozi laini za mbuzi, ndiyo; lakini pia kulikuwa na mbugu, yaani nguo ya gamba la mti. Mwingereza Burton, aliyefika ziwani mwaka 1858, aliziona mbugu kule Ujiji. Na ndugu zetu wa Buganda wanazitengeneza hata leo: huchuna gamba la ndani la mti uitwao mutuba wakati wa mvua, huligonga kwa nyundo za mbao mpaka liwe laini na pana, likapata rangi nyekundu ya udongo. Kazi hiyo si ya mtu mjinga. UNESCO iliitangaza mwaka 2005 kuwa urithi wa watu wote.

Pamoja na mbugu kulikuwa na nguo za biashara: amerikani, yaani pamba nene isiyopaushwa, iliyopewa jina la nchi ilikotoka kwanza, na kaniki, iliyotiwa rangi ya nili. Misafara ilizileta kutoka pwani ya bahari, na vipimo vyake vyajulikana: shuka ilikuwa mikono minne, doti mikono minane. Hapo fundi apate somo. Watu wengi huhangaika kutafuta karatasi ya kukatia nguo za mwaka 1880, na nguo hizo hazikukatwa kabisa! Zilifungwa. Shuka ilizungushwa kiunoni, au ilipigwa fundo begani. Asiyejua hilo atashona gauni zuri lenye mikono na zipu, naye atakuwa ameharibu kitambaa. Mara nyingine mkono wa fundi husema kweli kwa kuweka mkasi chini.

Wamisionari wenyewe je? Mapadri Weupe walifika Ujiji Januari 1879, na tarehe 4 Mei 1881 watu watatu wa misioni yao waliuawa Rumonge, ng'ambo yetu. Mchezo uliwavika kanzu nyeusi za kubana na kofia ngumu za jua. Si hivyo. Lavigerie, aliyeanzisha shirika lao huko Algiers mwaka 1868, aliwachagulia mavazi ya wenyeji wa Algeria: gandura nyeupe, burnusi nyeupe juu yake, kofia nyekundu, na rozari shingoni. Maana yake ilikuwa kwamba mjumbe wa Injili asikae kama mgeni mbele ya watu. Anayesema kwamba nguo ni ganda tu, na imani ndiyo jambo, na amfikirie Kardinali huyo. Yeye aliona kwamba nguo yaweza kufungua mlango au kuufunga. Na mavazi hayo si magumu. Gandura ni kama kanzu pana isiyo na kola: kipande cha mbele, kipande cha nyuma, mikono mipana iliyonyooka. Burnusi ni joho lisilo na mikono, hukatwa kama nusu ya duara, na kofia ya kufunika kichwa hushonwa shingoni. Shuka nne za kitanda zilizochakaa zatosha kuwavika wamisionari wawili.

Sehemu ya pili ilikuwa arusi ya Kapteni Joubert. Mfaransa huyu alikuwa zamani askari wa Papa, akaja ziwani kuwalinda watu na wafanya biashara ya watumwa. Mwaka 1888 alimwoa Agnes, binti wa nchi hii. Mchezo ulimvika mume sare ya afisa wa Kibelgiji, yenye nishani nyingi. Hakuja ziwani kama afisa wa Mfalme Leopold. Alikuja kwa ajili ya misioni. Bibi arusi alivikwa shela ya nailoni. Nailoni ilitengenezwa kwanza Marekani katika miaka ya 1930, zaidi ya miaka arubaini baada ya arusi ile! Kitambaa cheupe cha pamba, safi, kilichofungwa kwa heshima, kingetupa bibi arusi mzuri zaidi, tena asiyekopa kitu kwa duka la mjini.

Haya yote ni madogo kuliko ya sehemu ya tatu. Arusi ile ilileta watoto, na mmojawao ni Abbé Albert Joubert, aliyezaliwa mwaka 1908 na kupewa upadri mwaka 1935. Mama yake ni wa nchi hii. Alikuwa mtoto wa ziwa hili hili. Lakini kijana aliyemwiga alipakwa unga usoni kama wenzake watatu, akatiwa kofia ya jua, akawa Mzungu wa nne. Watoto waliokuwa karibu nami walihesabu: Wazungu wanne wameuawa. Kumbe tumejinyang'anya wenyewe padri wetu, kwa kikombe kimoja cha unga! Mtoto akienda nyumbani akidhani kwamba kuifia imani ni kazi ya wageni, ni nani atamrudishia kile alichopoteza?

Tena wote wanne walikuwa na ndevu nyeupe za pamba. Bruda Faccin alikuwa na miaka 30, Padri Carrara 31, Padri Didonè 34. Joubert peke yake alikuwa mtu mzima wa miaka 56. Walikuwa vijana, waliokuwa na maisha mbele yao. Ndevu za pamba huficha ukubwa wa sadaka yao.

Lakini jambo moja lilikuwa sawa, nami nalisifu kwa moyo. Huko Baraka, Bruda Faccin alipopigwa risasi mbele ya kanisa, Padri Carrara alikuwa akiungamisha. Alitoka, akapiga magoti karibu na mwili wa ndugu yake, akauawa hapo. Mama aliyeshona nguo za sehemu hiyo alimpa Carrara stola ya zambarau, kama ilivyo desturi ya padri aungamishaye, na Bruda hakumpa stola, maana bruda si padri. Basi, kijana alipoinama, ncha ya stola iligusa kifua cha mwenzake. Ukumbi mzima ulinyamaza. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba huyu alitoka kitini pa huruma akaenda kufa. Kitambaa cha mkono mmoja tu kilihubiri. Hiyo ndiyo faida ya nguo ya kweli: haijionyeshi, inamwonyesha mtu.

Sasa nisema juu ya wauaji, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Mchezo uliwavika mavazi na mapambo ambayo kila mtu wa Uvira huyatambua kuwa ya kabila moja. Sitalitaja. Kundi la Simba, lililouteka mji wetu Mei 1964, lilikuwa na watu wa makabila zaidi ya moja. Wengi walivaa mashati na suruali za siku zote. Wengine walijifunga majani na hirizi. Kumvika mwuaji nguo za jirani yako, mbele ya mamia ya watu, katika mji ambao umezika watu wengi kwa sababu ya chuki za kabila, si kosa la ushonaji. Ni ushuhuda wa uongo, nao unakatazwa na amri ya nane, hata kama umesemwa kwa sindano. Vijana waliokaa ukumbini walitazamana. Mwenyeheri hakufa ili kifo chake kitumiwe kuwasha moto mwingine.

Tena wengine hufikiri watarekebisha kwa kuwavika wauaji madoadoa ya jeshi ya siku hizi. Hapana. Si nguo za mwaka 1964 za watu wale, na katika nchi yetu sare ya jeshi si kitu cha kuchezea. Shati la zamani, suruali ya kawaida, tawi la mti kichwani: inatosha, ni kweli, na haimshtaki jirani yeyote.

Mtu ataniuliza: vielezo vya kweli tutavipata wapi, nasi hatuna vitabu? Viko karibu. Kwanza, picha za Wenyeheri wenyewe zimeenea tangu mwaka 2024. Zitazame kwa jicho la fundi: kola imesimama au imelala, vifungo vingapi, mikono mipana au myembamba. Pili, uliza sakristia kama imebaki kanzu ya padri ya zamani. Usiifumue. Itandaze juu ya karatasi za mfuko wa saruji, fuata mishono kwa kalamu, ongeza kidole kimoja kwa mishono na vidole vinne kwa upindo. Umepata kielezo ambacho pesa hainunui. Tatu, waendee wazee. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1964 alikuwa na sabini siku ya sherehe ya Wenyeheri. Wengi wangali nasi, nao wakumbuka rangi ya kanzu kuliko tarehe. Nenda kwao kwa heshima, ukae, ukiwa na karatasi mkononi. Lakini usiamini sinema. Mshona nguo wa sinema hutafuta kupendeza jicho. Sisi twatafuta kweli.

Hapa Kilibula hatukosi cherehani, wala hatukosi mama wenye mikono ya akili. Kilichokosekana ni desturi moja tu: kabla ya kukata, kuuliza. Huyu alikuwa nani? Alizaliwa wapi? Alikuwa na miaka mingapi? Alivaa nini, na kwa nini? Nani atatazama, na nguo hii itamwambia nini? Kamati ya mchezo iyaulize hayo mbele ya mkasi, si nyuma yake. Mwisho wa mwezi wa Novemba huja kila mwaka, na vijana watapanda tena jukwaani. Tuwavike kweli, ili watoto wetu wakitazama waone ndugu zao, na jirani zetu wakitazama wasione aibu.