Aliyekatwa na rezo hajasema ndiyo

Kuko desturi moja katika mikutano yetu ya Zoom yenye tunapashwa kuisema wazi. Mwenyekiti anauliza: «Wote tuko sawa?» Watu watatu wanajibu ndiyo, wengine kimya, na kwenye PV kunaandikwa: «Imekubaliwa na wote.» Lakini ndani ya ile kimya, wa Bukavu rezo imemukata, wa Kisangani mega zimeisha, na wa Likasi amefunga mikro juu ya makelele ya nyumbani. Hakuna hata mmoja wao mwenye amekubali kitu.

Miongozo mingi ya mikutano ya mbali inatufundisha mambo mazuri: fungueni kamera muonane, anzeni kwa saa, kila mtu apate nafasi ya kusema. Mimi ninaona kasoro moja: inamuwaza mtu mwenye intaneti yake inalipwa na kazi. Tupige hesabu. Kwa makadirio ya Zoom yenyewe, sauti peke yake inaomba kilobiti 60 mpaka 80 kwa sekunde, lakini video nzuri ya watu wawili inaomba 600. Basi ukimuambia mwanafunzi «kamera kwanza, ni heshima», unamulipisha karibu mara kumi ili tu umuone uso. Heshima gani hiyo?

Saa nayo ni mtego. Kinshasa na Goma ni inchi moja, lakini Goma na Lubumbashi wako mbele kwa saa moja. Brussels inabadilisha saa mwezi wa 3 na mwezi wa 10: wakati wa kipwa cha kwao wako sawa na Goma, wakati wa baridi wako sawa na Kinshasa. Mkutano wa 19h ya Brussels, mwezi wa 7 ni 19h ya Goma. Mwezi wa 12 ni 20h. Halafu mtu anaandika «saa moja» tu, bila kusema ni saa ya Kiswahili ao ya Kifaransa, asubui ao magaribi. Tuandike 19h, na tutaje muji.

Na sisi wenyewe tunakula wakati. Zoom ya bure inafunga kisha dakika 40 mukiwa kundi. Sala, salamu za protokole, kila mtu kujitambulisha: neno la pesa linaingia dakika ya 35. Sisemi sala iondoke. Nasema neno la pesa liandikwe na kutumwa siku mbili mbele, ili dakika zibaki za kubishana.

Kwa nini ninasisitiza hivi? Kwa sababu mara nyingi mwenye rezo nzuri njo anaamua, na mwenye atafanya kazi ile anaisoma kesho yake kwenye PV. Wa Ulaya anachangia pesa, kweli, na anastahili sauti. Lakini wa hapa njo atasimama mbele ya wazazi na wanafunzi kuwaeleza mradi wenye hakuuchagua. Watu wanatoka katika kikundi pole pole namna hiyo, bila kugomba.

Dawa haiombi programu mupya. Mkutano uwe wa sauti, kamera ni ya mwenye anaweza. Mwishoni, swali moja liandikwe waziwazi kwenye WhatsApp, na kura zibaki wazi saa 48. PV iseme wangapi walikubali, wangapi walikataa, wangapi hawakujibu. Wengine watasema tunachelewesha mambo. Siku mbili ni kidogo, tukilinganisha na miezi yenye tunapoteza tukifukuzana juu ya mchango wenye nusu ya watu hawakuwahi kuukubali.