Adui wa Tabaka ni Maji

Mara ya kwanza nilipokikata, kipande kilisimama kwenye sahani kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Kisha jibini ikaanza kuteleza juu ya hoho, hoho juu ya bilinganya, na pembeni likajitokeza dimbwi la maji ya rangi ya waridi, mbegu tatu nne za nyanya zikielea ndani yake. Ilikuwa Februari, Mbagala, saa saba na nusu mchana, na wageni walikuwa majirani zangu. Walikula na kusifu, maana watu wa kwetu hawamwaibishi mwenyeji mezani pake. Macho yangu hayakutoka kwenye lile dimbwi.

Wiki tatu baadaye ilinibidi nikipike tena, safari hii kwa wakwe. Mtoto wa dada yangu alikuwa anachumbiwa, na upande wa kijana ulikuwa unatoka Bunju. Anayelijua jiji hili la Dar es Salaam anajua safari ya Bunju mpaka Mbagala siku ya Jumamosi: ukiambiwa saa sita, wahesabie saa nane. Kitangulizi changu kilitakiwa kipendeze, na zaidi ya kupendeza kiweze kusubiri, hata umeme ukikatika.

Chakula chenyewe ni mkate wa matabaka usio na unga hata kidogo. Bilinganya, jibini nyeupe, hoho ya kuchoma, mchicha na karoti vinapangwa ndani ya bati la kuokea mkate, vinagandamizwa, vinageuzwa, na kila kipande unachokata kinaonyesha mistari yake: zambarau, nyeupe, nyekundu, kijani, rangi ya chungwa. Wafaransa wana chakula cha jamii hii, wanakiita terini. Lakini ukifuata maelekezo ya kwao neno kwa neno ukiwa Temeke utaanguka, kama nilivyoanguka, kwa sababu nyuma ya maelekezo yale kuna jiko lenye ubaridi na friji isiyozimika. Hapa lazima uanze na swali jingine: maji yamejificha wapi, na yatatoka saa ngapi?

Nyanya ni maji kwa asilimia 94 hivi. Bilinganya ni 92, na hata karoti, iliyo ngumu kama mti, ni 88. Unapoviweka pamoja na chumvi ndani ya bati moja, chumvi inaanza kuyavuta yale maji kutoka kwenye mboga, polepole, usiku kucha. Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani mboga iliyopangwa vizuri imetulia. Kumbe ilikuwa bado inatoa jasho. Dawa yake ni kuitoa jasho kabla haijaingia kwenye bati.

Bilinganya nilizikata kwa urefu, unene wa nusu sentimita, nikazinyunyizia chumvi kijiko kimoja cha chakula kwa kilo moja, nikaziacha kwenye chujio dakika 40. Chini ya chujio yalikusanyika maji ya kahawia karibu robo kikombe. Chumvi hapo inafanya kazi mbili, na ya pili wengi hawaijui. Nyama ya bilinganya ina vyumba vidogo vya hewa kama sponji, ndiyo maana ukiikaanga mbichi inakunywa mafuta yote kwenye kikaango na bado inadai mengine. Ikishatoa maji, vile vyumba vinabonyea, na mafuta hayana pa kuingia. Nilizisuuza, nikazikausha kwa kitambaa kipande kwa kipande, kisha nikazikaanga kwa mafuta kidogo. Zilitoka laini, zinakunjika bila kukatika.

Hoho nyekundu nilizichagua moja moja pale soko la Temeke Stereo, ambako zilizo nyingi ni za kijani. Zinawekwa juu ya mkaa mpaka ngozi iwe nyeusi tii, zinafunikwa ndani ya sufuria robo saa, kisha ngozi inavuliwa kwa vidole. Usizioshe. Ladha ya moshi inaondoka na maji ya bomba, halafu umerudisha kile ulichokuwa unakifukuza. Mchicha nilichemsha dakika moja, nikautia kwenye maji baridi ili ubaki kijani, nikaukamua mara tatu, ya tatu ndani ya kipande cha kanga kuukuu nikikisokota kwa mikono miwili. Mafungu sita yaliishia kuwa ngumi mbili. Karoti nilizikata vipande vya bapa na kuzichemsha kidogo tu. Nyanya niliiondoa kabisa kwenye bati. Nitasema ilikwenda wapi.

Sasa jibini. Mara ya kwanza nilitumia mozarela ya dukani, ile inayouzwa ikiwa imezama kwenye maji yake. Ni jibini nzuri kwa kazi zake, lakini hapa ni kama kupanga sponji iliyolowa katikati ya mboga. Ukiigandamiza, inalia. Safari ya pili nilitengeneza jibini nyumbani, ile ya maziwa na ndimu ambayo jirani zetu wenye asili ya India wanaiita panir.

Lita 3 za maziwa ya ng'ombe zilitoka kwa mfugaji wa mtaani. Hapa pana maji ya aina nyingine, yanayoongezwa kwenye dumu kabla halijafika mlangoni kwako. Niliwahi kuuziwa maziwa ya hivyo, na jibini ndiyo iliyosema ukweli, kwa sababu haidanganyiki. Lita moja ya maziwa mazuri ina protini gramu 33 hivi, na ndiyo hiyo unayoikusanya. Ukikusanya kidogo, jua ulinunua maji. Lita 3 za maziwa halisi zinapaswa kukupa karibu nusu kilo ya jibini.

Maziwa yanachemshwa mpaka yaanze kupanda, na hilo si suala la ladha peke yake: maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya kifua kikuu na vya homa ile inayowatupisha ng'ombe mimba. Moto huo unafanya na kazi ya pili. Sehemu kubwa ya protini ya maziwa, iitwayo kazeini, huganda yenyewe ukitia uchachu wa kutosha. Kipimo chake ni pH 4.6. Ile sehemu nyingine, ambayo kwa kawaida hukimbia na maji, ikipata moto mkali inajifungua na kung'ang'ania kazeini, kwa hiyo unaipata nayo. Nilizima jiko, nikasubiri dakika moja, nikatia maji ya ndimu yaliyochanganywa na maji kiasi, kijiko baada ya kijiko, nikikoroga taratibu. Vijiko sita vilitosha. Dalili ya kutazama si mabonge bali kimiminika kilichobaki: kikiwa bado cheupe, uchachu haujatosha; kikiwa cha kijani-njano kinachoonyesha mpaka chini, acha hapohapo, ukizidisha jibini inakuwa ngumu na chachu.

"Mama mdogo, haya maji tunamwaga?" aliuliza bibi harusi mtarajiwa, ameshika sufuria mlangoni.

Hatukumwaga. Yalikandia chapati za jioni, na chapati zilikuwa laini kuliko za siku zote.

Jibini iliyogandishwa kwa uchachu ina sifa moja inayonifanya niitetee kwa nguvu zote katika hali ya hewa yetu: haiyeyuki. Ukiipasha moto inajibana zaidi. Jibini ya joto la Dar es Salaam, kama ingebidi ibuniwe upya, ingebuniwa hivi. Na haina kigandishi cha tumboni mwa ndama kinachotumika kwenye baadhi ya jibini za dukani, kwa hiyo hakuna mgeni wa kumweleza asili yake.

Hilo la asili lina uzito pia kwenye jambo linalofuata. Jibini ya kuchambuka haikamati mboga, inahitaji gundi. Mara ya kwanza nilitia jelatini. Makosa yalikuwa mawili. La kwanza ni la adabu: jelatini inatokana na ngozi na mifupa ya wanyama, mara nyingi nguruwe, na pakiti yangu haikusema mnyama gani. Katika mji ambao nusu ya meza yako inaweza kuwa ya Waislamu, huwezi kumtilia mgeni kitu ambacho wewe mwenyewe hujui kimetoka wapi. La pili ni la joto. Jelatini huanza kulegea kwenye nyuzijoto 28 hadi 35. Mchana wa Februari hapa unafika 32 na kupita. Chakula changu hakikuporomoka kwa bahati mbaya. Kilikuwa kinarudi kuwa mchuzi, kama kanuni yake inavyotaka.

Jibu liko kwenye agari, unga unaotokana na mwani, ambao wapishi wa faluda huku pwani hawahitaji kufundishwa. Agari inaganda ikipoa kufika nyuzijoto 40 hivi, na ikishaganda haiyeyuki tena mpaka ufike karibu 85. Yaani inaganda juani, bila friji. Sayansi yenyewe ililijifunza jambo hili kutoka jikoni. Mwaka 1881, Ujerumani, Walther Hesse alikuwa akihangaika na jelatini aliyokuwa anakuzia vijidudu maabarani. Kiangazi kilikuwa kinaiyeyusha. Mkewe Fanny, aliyezaliwa New York, ndiye aliyemwambia ajaribu agari, kwa sababu yeye jeli zake za nyumbani zilikuwa zinasimama hata wakati wa joto. Alifundishwa siri hiyo ujanani na jirani aliyewahi kuishi Java. Mwaka uliofuata Robert Koch aliitaja agari katika andiko lake kuhusu kifua kikuu, na hadi leo maabara za dunia nzima zinaitumia. Jina la Fanny halikuandikwa mle. Mimi namtaja kila ninapofungua pakiti.

(Mwani unaolimwa Zanzibar tangu 1989, kule Paje na Jambiani ulikoanzia, ni wa jamii nyingine. Huo hutoa karagini, ambayo viwanda vya maziwa hutumia kuzuia vinywaji visijitenge. Ni ndugu wa agari, lakini usiitumie badala yake kwenye pishi hili.)

Agari ina masharti yake, nayo niliyajua Alhamisi, siku ya jaribio. Nilichemsha vijiko viwili vya chai vya agari kwenye kikombe cha supu ya mboga, nikamimina juu ya jibini iliyotoka kwenye friji. Iliganda palepale, ikawa chengachenga kama mayai ya kuvurugwa. Ubaridi wa jibini uliishusha chini ya nyuzijoto 40 kabla haijachanganyika. Kwa hiyo Ijumaa jibini ilikaa kwanza kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto mpaka ikawa vuguvugu. Agari ikachemshwa dakika mbili kamili, maana isipochemka haishiki. Vikakutana vyote vikiwa na joto, pamoja na chumvi, pilipili manga na kotimiri iliyokatwa. Unakuwa na dakika chache tu za kupanga. Kila kitu kiwe mkononi.

Bati nililitandika jani la mgomba. Jani bichi linapasuka ukilikunja. Lipitishe juu ya moto, utaona linabadilika kutoka kijani kilichofifia kuwa cha kung'aa, kama limepakwa mafuta, na kuanzia hapo linakunjika kama kitambaa. Bilinganya zikafuata, zimening'inia pembeni ili zije zifunike juu. Kisha jibini, hoho, jibini, mchicha, jibini, karoti, na jibini ya kufungia. Jibini lazima iguse kila mboga pande zote mbili, kwa sababu mboga mbili zikigusana hakuna kinachozishika. Juu nikaweka kibao, na juu ya kibao paketi mbili za sukari za kilo moja moja. Mpaka asubuhi kingo za bati zilikuwa na unyevu wa kijiko kimoja. Si dimbwi.

Nyanya zilienda kwenye sahani. Nilizichoma, nikazichemsha na ukwaju mpaka mwiko ukawa unaacha njia kwenye sufuria, na kila sahani ikapata kijiko kimoja pembeni ya kipande. Pale maji yake hayamdhuru mtu, na ule uchachu unaiamsha jibini ambayo peke yake ni mpole mno.

Wageni walifika saa nane na dakika kumi. Mkate ulitoka kwenye friji walipoingia getini, kwa sababu jibini na mboga zilizopikwa hazipaswi kukaa kwenye joto letu zaidi ya saa moja, hata kama umbo lake limesimama imara. Nilikata kwa kisu chembamba nikikichovya kwenye maji ya moto na kukifuta kila baada ya kipande. Shikamoo zikaitikiwa, mshenga akaanza kuzungumza, na mshenga wa Bunju hana haraka. Nilikuwa nimekaa karibu na mama wa kijana, sahani yake mbele yangu. Dakika 25 zilipita kipande kikiwa hakijaguswa, na weupe wa sahani kukizunguka ulikuwa mkavu.

Karoti ndiyo kasoro iliyobaki. Nilizikata nene, na kila kisu kilipofika kwenye tabaka lile kilikwama kidogo, kikalisukuma badala ya kulikata, ukaona mstari wa rangi ya chungwa umepinda upande mmoja. Safari ijayo zitakuwa milimita mbili, na zitachemka dakika mbili zaidi.