Fumbo Lililofumbuka Mapema

Mchezo wa redio humnyima msikilizaji macho, ukamwachia sikio na hofu. Kwa hiyo hadithi za kubuni za kisayansi zimepata makao mema redioni. Charles Chilton aliandika mchezo wa namna hiyo, Journey into Space, habari ya safari ya mwezini, uliotangazwa na BBC kuanzia mwaka 1953. Mwaka 1954 akauletea mwendelezo wenye sehemu 20, The Red Planet, ambamo nahodha Jet Morgan na wenzake waelekea Mirihi.

Fumbo la mwendelezo huu ni Whitaker, mmoja wa wasafiri. Husema kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na hutii kama mashine. Msikilizaji humshuku mara amsikiapo. Wenziwe wangali wakishangaa sehemu baada ya sehemu. Baadaye yabainika kwamba alizaliwa karne ya 19, wala hakuzeeka. Hapa lawama ni ya haki: mtungaji amewafanya watu werevu kuwa wazito wa fahamu, ili siri yake isiishe upesi.

Lakini si haki kusema kwamba fumbo likijulikana mchezo umekufa. Wasikilizaji wa Arusha, kama wa sehemu nyingi za Tanzania, waliletewa na Radio Tanzania mchezo wa Twende na Wakati kuanzia mwaka 1993. Humo alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani kote. Kwamba UKIMWI ungempata, nani hakuliona? Kilichobaki cha kungojewa ni yale ambayo Tunu, mkewe, angeyafanya. Na hicho kilitosha.

The Red Planet nao hupata nguvu pale unapoacha kuficha. Huko Mirihi wasafiri wakuta watu waliotiwa kiini macho, wakasadiki kwamba wako shambani mwao nchini Australia. Swali si tena huyu ni nani, bali mtu asiyejua kwamba ametekwa aokolewe vipi. Jawabu la swali hilo msikilizaji halibashiri kwa wepesi, kwa kuwa lamgusa yeye mwenyewe.

Haya yamhusu mwandishi wa Kiswahili atakayependa kuuweka mchezo wa aina hii chini ya mlima Meru. Mlima huo, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,560, ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Ngurumo ikivuma katika kasoko yake, msikilizaji wa Ngaramtoni au wa Usa River atatambua papo hapo kwamba volkano yaamka. Asifichwe analolijua. Aulizwe ni nani atakayeiacha migomba yake na makaburi ya wazee wake, na ni nani atakayebaki.